Mafuta ya breki "yamekunywa maji": maana yake nini, na utajuaje

Fundi anafungua kikopo cha mafuta ya breki, anachungulia, kisha anasema: "Haya yameshakunywa maji, tuyabadilishe." Mwenye gari naye anachungulia. Haoni maji. Anaona kimiminika kisafi, kimejaa mpaka kwenye alama, na breki asubuhi ile zilishika vizuri tu. Basi moyoni anajisemea kwamba fundi anatafuta hela. Mara nyingine ni kweli anatafuta. Lakini maneno yenyewe yana maana, na maji yanayotajwa hayaonekani kwa macho.

Tuanze na jina, kwa sababu linapotosha. Tunayaita mafuta, ila ya aina iliyozoeleka hayana undugu na oili ya injini. Yametengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, na tabia yake kubwa ni kupenda maji. Huvuta unyevu kutoka hewani, kidogo kidogo, kupitia kitundu cha kupumulia kwenye kifuniko na hata kupitia kuta za mipira inayokwenda kwenye magurudumu. Unyevu ukishaingia huyeyuka humo humo kama sukari kwenye chai. Haukai juu wala hautui chini. Ndiyo maana kuchungulia hakusaidii.

Sasa, maji kidogo yana ubaya gani? Jibu liko kwenye namna breki zinavyofanya kazi. Ukikanyaga pedali, unasukuma kimiminika kwenye masta silinda, yaani pampu kuu ya breki. Kimiminika hakibonyei, kwa hiyo nguvu ya mguu wako inasafiri yote kwenye mabomba hadi kwenye pistoni, na pistoni inabana pedi, vile vibao vya msuguano, kwenye diski inayozunguka na gurudumu. Msuguano huo unazaa joto kali. Sehemu ya joto hilo hurudi nyuma kupitia pedi na pistoni mpaka kwenye mafuta yenyewe. Mafuta mapya yanalihimili. Yaliyokunywa maji huanza kuchemka mapema, na yakichemka hutoa mvuke. Mvuke, tofauti na kimiminika, unabonyea. Unakanyaga, pedali inazama mpaka sakafuni, na nguvu yako yote inaishia kubana mapovu. Hili hutokea hasa kwenye mteremko mrefu, gari limebeba mzigo, na dereva hajaondoa mguu kwenye breki tangu kileleni.

Kibaya zaidi, ushahidi unajifuta. Gari likisimama na breki zikapoa, mvuke hurudi kuwa kimiminika na pedali inakuwa ngumu kama zamani. Ukilipeleka kwa fundi kesho yake haonyeshwi kitu. Kwa hiyo kusema "breki zangu mbona zinashika" si kipimo cha hali ya mafuta. Zinashika kwa sababu bado hazijapata joto la kutosha.

Hapo ndipo namba zilizoandikwa kwenye chupa zinapopata maana. DOT ni kifupi cha Wizara ya Usafirishaji ya Marekani, iliyoweka viwango hivi. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishakunywa maji kiasi cha asilimia 3.7 hivi, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155, na DOT 5.1 huanzia 260 na kushuka hadi 180. Tazama anguko hilo: maji yasiyofika hata sehemu moja kati ya ishirini yameondoa nyuzi zaidi ya sitini. DOT 5, bila ile .1, ni kitu kingine kabisa. Imetengenezwa kwa silikoni, hainywi maji, na haichanganywi na hizo nyingine.

Basi utajuaje? Kigezo cha kwanza ni kalenda. Watengenezaji wengi wa magari husema kila miaka 2, wengine 3, na kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Gari lililoegeshwa nalo huhesabiwa, maana unyevu hausubiri uendeshe. Kigezo cha pili ni kupima. Kuna kalamu ya umeme inayochovywa kwenye kikopo na kuwasha taa kulingana na unyevu. Ni ya haraka, ila inakisia. Kuna vikaratasi vinavyobadilika rangi kulingana na kiasi cha shaba iliyoingia kwenye mafuta, dalili kwamba dawa za kuzuia kutu zimekwisha nguvu. Na kuna kifaa kinachochemsha mafuta kweli kweli na kusoma joto lake. Hicho ndicho ninachokiamini kuliko vyote, ila si kila gereji inacho.

Rangi? Mafuta meusi kama chai ya rangi yamezeeka au yamechafuliwa na mipira inayochakaa, hayo badilisha bila mjadala. Lakini meupe hayathibitishi chochote.

Kuna dalili mbili ambazo watu huzichanganya na hili. Pedali iliyo laini kama sponji muda wote, hata gari likiwa baridi, kwa kawaida ni upepo uliomo kwenye mabomba, na dawa yake ni kutoa upepo na kutafuta ulikoingilia. Na kikopo kilichopungua hakimaanishi mafuta yamechoka: pedi zikilika, pistoni hutoka zaidi na mafuta huzifuata, au kuna mahali panavuja. Ukiongezea tu bila kuangalia, umeficha swali. Tena kuongezea si kubadilisha. Mafuta yaliyoko karibu na magurudumu, yale yanayopata joto, hayarudi kwenye kikopo kuchanganyika na mapya. Kubadilisha ni kuyasukuma yote yatoke kwenye niplo, vile vitundu vya kutolea mafuta, za kila gurudumu mpaka yaonekane mapya, huku kikopo kikijazwa kila mara kisivute hewa.

Na usikubali oili ya injini iwekwe humo hata kwa dharura, kwani huifurisha mipira yote ya mfumo. Mafuta ya breki yakimwagika kwenye rangi ya gari, mwagia maji mengi papo hapo kabla hayajaibabua. Ile nusu chupa iliyobaki kwenye rafu tangu mwaka juzi nayo imekuwa ikinywa unyevu tangu siku ilipofunguliwa. Usiitumie.