Kwa nini mtama huvumilia ukame unaokausha mahindi?

Mvua ikikatika wiki tatu shambani, mahindi hunyauka na mara nyingi hayarudi. Mtama hukunja majani, husimama kukua, kisha mvua ikirejea huendelea. Unawezaje?

Kazi huanzia chini ya ardhi. Wiki tatu au nne za mwanzo mche huonekana umedumaa, kumbe unajenga mizizi. Ni mingi na myembamba kuliko ya mahindi, na kwenye udongo wenye kina hupita mita 1.5. (Ndiyo maana palizi ya kwanza haisubiri: magugu hukua haraka kuliko mche.) Huku juu, majani na shina vina nta inayopunguza upotevu wa maji, ndiyo ule unga mweupe unaobaki kidoleni ukipapasa bua.

Tofauti kubwa zaidi, kwa maoni yetu, iko kwenye kuchanua. Mahindi hutoa chavua juu na ndevu kwenye gunzi. Ukame huchelewesha ndevu, chavua ikaisha kabla hazijatoka, na gunzi likabaki na mapengo. Ua la mtama lina sehemu za dume na jike pamoja, kwa hiyo hujichavusha lenyewe kwa kiasi kikubwa. Tena suke huchanua kuanzia nchani kushuka chini kwa takriban wiki nzima, hivyo siku moja ya joto kali haiangamizi punje zote.

Ila uvumilivu huo una mpaka. Kuanzia mtama unapobeba mimba (suke likiwa bado limefunikwa na jani) hadi kuchanua, ukikosa maji mavuno hushuka hata kama mmea haufi. Mvua zikiwa fupi, chagua mbegu inayokomaa kwa siku 90 hadi 110. Panda sentimita 3 hadi 4 kwenda chini, mistari ikiachana sentimita 75 na mashimo yakiachana sentimita 20. Punguzia miche wiki ya pili au ya tatu, udongo ukiwa na unyevu, ubakishe mmoja kila shimo. Wengi huona huruma kung'oa miche mizuri, na hapo ndipo wanapoharibu: msongamano humaliza maji kabla punje hazijajaa, masuke yakatoka mapepe.

Gugu la kiduha ling'olewe kabla halijatoa mbegu, kwani hunyonya mizizi ya mtama na mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi. Ndege, hasa kwelea kwelea, hushambulia punje zikiwa na maziwa. Anayepanda peke yake, mapema au kwa kuchelewa, ndiye huwalisha wote.

Vuna punje zikiwa na doa jeusi kwenye kitako, uzikaushe hadi unyevu wa asilimia 12 au 13. Usikimbilie kuingiza ng'ombe shambani baada ya hapo. Machipukizi ya mtama, hasa yanayoota baada ya ukame, yana kemikali inayotoa sianidi na huua mifugo haraka. Subiri yapite sentimita 60.