Mikoko haiuawi na shoka peke yake

Dhana: Mikoko ikifa, mkosaji ni mkata boriti.

Shoka lina lawama zake. Pale Gazi, Kwale, miaka ya 1970 mikoko ilifyekwa kuwa kuni za viwandani, na kuna sehemu zilizobaki upara hadi kazi ya kupanda upya ilipoanza miaka ya 1990. Lakini nenda ghuba ya Mwache, karibu na Mombasa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara ukajaa mikokoni. Mikoko hupumulia mizizi. Ya mchu na mlilana, aina mbili za mikoko, utaiona ikichomoza wima juu ya tope, kama penseli zilizochomekwa. Udongo ukiizika, mti unakosa hewa na kufa ukiwa umesimama. Mamia ya hekta yaliangamia hivyo pale Mwache. Kwa hiyo anayelima mteremko bila matuta huko Kinango, hata kama hajawahi kuonja maji ya chumvi, naye ana mkono wake baharini. Hili halisemwi vya kutosha, na linaniuma, maana lawama zote hutupiwa mvuvi na mkata fito.

Dhana: Mikokoni ni tope na mbu tu, heri pamwagwe kifusi pajengwe.

Kamba, kaa na vitoto vya samaki hukulia mle. Gazi na Makongeni wanapata hata fedha: tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hati za hewa ukaa ambayo miti hiyo inaifyonza, na mapato yamesaidia maji na shule za vijiji hivyo.

Dhana: Tukate tu, tutapanda mingine.

Kila mti una mahali pake. Mlilana huelekea bahari wazi. Mkandaa hukaa ndani zaidi, maji yanakofika kwa nadra. Wengi huokota mbegu ndefu za aina moja, ile iitwayo mkoko hasa, kwa sababu ni rahisi kuchomeka, wakazipanda popote penye tope, wakapiga picha wakaondoka. Mawimbi huzing'oa, au jua huzikausha. Kabla ya kupanda, uliza kwanza iliyokuwapo ilikufa kwa nini. Kama barabara au ukuta umeziba mkondo, na hata maji ya bamvua, yale yanayojaa kuliko yote, hayapiti tena, zibua mkondo kwanza. Mara nyingi maji yakirudi huleta mbegu yenyewe.