Ukienda Chartres, kisome kioo kuanzia chini

Watu wakifika Paris wote wanakimbilia Notre-Dame, sawa, ni pazuri, ila mi kama mtu wa vioo vya rangi nikiulizwa kanisa la Kigothi (ule mtindo wa ujenzi wa zama za kati wenye matao ya ncha) la kwenda kuona nasema lile la mji wa Chartres bila kusita. Ni kama saa moja kwa treni kutoka stesheni ya Montparnasse, kuingia ni bure, na vioo vingi mule ndani ni vya karne ya 13 kabisa, sio kopi. Kanisa lililokuwepo liliungua 1194 wakajenga upya chapchap, kufikia miaka ya 1220 kazi kubwa imeshaisha, ndo maana ukiwa ndani unaona mkono mmoja. Nje ndo tofauti: ncha ya mbao ya mnara wa kaskazini iliunguzwa na radi ya 1506 wakajenga nyingine ya mawe, kwa hiyo minara miwili haifanani hata kidogo na wala msishangae.

Ule ukubwa wa madirisha ni ujanja wa mafundi. Tao lenye ncha linapeleka uzito chini zaidi kuliko pembeni, na msukumo wa pembeni unaobaki unadakwa na yale matao ya mawe yanayoegemea ukuta kwa nje, sasa ukuta ukishatuliwa mzigo unaweza kuutoboa utakavyo. Wakatoboa kweli, madirisha 176!

Kuhusu rangi, wengi wanadhani kioo kimepakwa. Hapana, rangi imo ndani ya kioo chenyewe: mchanga na majivu ya kuni vinayeyushwa, ukitia kobalti unapata buluu, nyekundu inatokana na shaba. Kinachochorwa kwa brashi ni mistari myeusi tu ya nyuso na mikunjo ya nguo, kioo kinarudi tanuruni, halafu vipande vinaunganishwa kwa vipande vyembamba vya madini ya risasi. Na akija mtu kukwambia kioo cha kale ni kinene chini kwa sababu kinatiririka polepole, mwache na hadithi yake, unene haukuwa sawa tangu siku kinatengenezwa.

Sasa beba darubini ndogo, ingia mlango mkuu, shika upande wa kulia utafute dirisha la Msamaria Mwema. Anza chini kabisa, utakuta mafundi viatu wako kazini (wasomi wanabishana kama kweli ndo walilipia dirisha au mapadri waliamua tu kuwachora, mi naona swali bado liko wazi). Panda juu: msafiri anatoka Yerusalemu, wezi wanampiga, kuhani na Mlawi wanampita hivi hivi, Msamaria anamfikisha nyumba ya wageni. Halafu ghafla unakutana na Adamu anaumbwa, Hawa, tunda, kufukuzwa bustanini, mpaka Kaini na Abeli. Watalii wengi hapo wanapotea wanadhani fundi kachanganya hadithi mbili, kumbe ni moja, maana walimu wa Kanisa wa zama zile walifundisha kwamba yule msafiri aliyepigwa ni Adamu, yaani sisi wote, Msamaria ni Kristo, na nyumba ya wageni ni Kanisa, ndo maana ukifika juu kabisa unamkuta Kristo mwenyewe.

Mbele zaidi upande huohuo yuko Bikira Maria wa buluu, vipande vyake vya katikati ni vya kama 1180, vilinusurika ule moto.

Kuna ugomvi pia. Usafishaji ulioanza 2009 uliondoa masizi na kuta zikawa nyeupe-krimu, wengine wakalia kwamba giza ndo lilikuwa linapendezesha vioo. Mi niko upande wa krimu, maana hiyo ndo rangi ya karne ya 13, giza lilikuwa masizi tu. Na sakafuni kuna njia ya mizunguko, wanaotaka kuitembea mwende Ijumaa kati ya Kwaresima na mwisho wa Oktoba, siku nyingine huwa imefunikwa na viti.