Kwanini kweche dume anacheza cheza mvua zikinyesha

Mvua zikishaanza hapa Dodoma, Desemba hivi kuendelea, watu wanatuuliza sana vile videge vyekundu vya kwenye mtama vimetoka wapi maana juzi havikuwepo. Vilikuwepo jamani! Ni kweche. Kiangazi chote dume ni wa kahawia na michirizi kama jike, ukimwona unasema shomoro tu huyu, mvua ikija anapukutisha yale manyoya anaota mekundu, tumbo jeusi tii.

Sasa nenda asubuhi ukae kimya pembeni ya shamba umwangalie. Anatutumua manyoya mpaka anakua duara kama kimpira, halafu anaruka polepole juu ya manyasi, mabawa yanapiga harakaharaka lakini mwenyewe haendi mbali, anavuma kama dudu, anatua kwenye bua, anaanza tena. Na viota anafuma yeye, tena kadhaa. Jike akiridhika anachukua kimoja, analalia mwenyewe na kulea mwenyewe, dume karudi kuchezea mwingine.

Na jike anachagua kweli kweli, hili limepimwa. Mwaka 1982 Malte Andersson wa Uswidi alichapisha utafiti alioufanya Kenya kwa ndugu wa kweche ambae mkia wa dume unafika karibu nusu mita, akakata mikia ya baadhi yao, vile vipande akawabandika wengine kwa gundi mikia ikawa mirefu kupita kawaida, basi waliorefushiwa ndo wakapata majike wengi zaidi. Mimi kila nikiwasimulia wanafunzi hii bado nashangaa.

Na wanaocheza hivi sio kweche peke yake, ukienda hifadhi ya Ruaha utaona mbuni dume anapiga magoti chini kabisa, anatandaza mabawa na kuyumba kulia kushoto, shingo imeiva nyekundu. Heroe (flamingo) kama wale wa ziwa Singidani wao wanacheza kundi zima, madume kwa majike, wanatembea wamebanana vichwa juu.

Turudi kwa kweche maana huku kwetu anauwawa kwa manati akidhaniwa kwelea kwelea. Mtama anadonoa ndio, ila kwelea kwelea ndo wanashuka makundi makubwa wanamaliza shamba. Ukikuta dume jekundu linazunguka kipande kilekile kila siku jua kuna viota hapo chini, tunaomba hayo manyasi usiyafyeke kwanza, subiri kama mwezi hivi makinda yaruke.