Ukiambiwa chuo kimetoa marais, uliza kimetoa walimu wangapi

Msimu wa mahafali ukikaribia, ubishi wa Makerere ya Uganda na Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuhusu chuo kipi kimetoa viongozi wengi hurudi mitandaoni kama kawaida. Mtu wa Makerere atakutajia Nyerere, Obote, Kibaki na Mkapa bila kupumua. Mtu wa Mlimani naye hakubali: Kikwete, Magufuli, Museveni. Akiona hoja inapwaya anamwongeza na John Garang, ingawa Garang shahada yake ya kwanza aliipatia Marekani, chuo cha Grinnell, ndipo akaja Dar es Salaam kufanya utafiti.

Mimi kazi yangu ni historia ya elimu ya juu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kufuatilia wahitimu: fulani alisoma nini, alipangiwa wapi, aliishia wapi. Ubishi huo naufurahia kama mtu mwingine yeyote. Ila hesabu yake ina kasoro, na nitaieleza kwa kutumia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu ndicho ninachokijua zaidi.

Chuo kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 13, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba. Kuhamia kilimani kulikuja baadaye, 1964. Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba Waingereza walipoondoka walituachia wahandisi wawili na madaktari 12. Sasa mweke mwanasheria kijana aliyehitimu katikati ya miaka ya sitini ndani ya nchi hiyo. Wizara inamtaka, mahakama inamtaka, bunge linamtaka, balozi zinamtaka. Hata angekuwa mvivu, cheo kingemfuata nyumbani.

Kwa hiyo tunapohesabu mawaziri na majaji waliotoka kwenye madarasa ya mwanzo, kwa kiasi kikubwa tunapima uhaba. Simaanishi hawakuwa na uwezo. Julie Manning alikuwa mwanamke miongoni mwa wanaume katika lile kundi la kwanza la sheria, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Joseph Warioba alimaliza sheria 1966, akawa Waziri Mkuu 1985, baadaye jaji wa mahakama ya kimataifa ya sheria ya bahari. Hawa ni watu waliofanya kazi nzito. Ninachosema ni kwamba huwezi kuwachukua ukawaweka kwenye mizani moja na mhitimu wa 2015, aliyeingia sokoni akiwa na maelfu ya wenzake wenye cheti kilekile, kisha ukasema chuo kimeshuka kwa kuwa hakuna waziri kwenye darasa lake.

Kuna jambo moja kuhusu sheria ambalo huwa nawaambia wanafunzi wangu, nao hawaamini mpaka wakaangalie wenyewe. Kati ya 2011 na 2013, majaji wakuu wa Tanzania, Kenya na Uganda wote watatu walikuwa wamesoma shahada ya kwanza ya sheria Dar es Salaam: Mohamed Chande Othman, Willy Mutunga na Benjamin Odoki. Watu hulichukulia jambo hili kama sifa ya Mlimani. Sehemu yake ni sifa, sehemu nyingine ni mgawanyo wa kazi. Kuanzia 1963 Makerere, Nairobi na Dar vilikuwa vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kozi za gharama ziligawanywa: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar. Mkenya au Mganda wa miaka hiyo aliyetaka kusomea sheria bila kupanda meli kwenda London, njia yake ilikuwa hiyohiyo moja. Odoki alihitimu 1969, Mutunga 1971. Chande ni wa baada ya hapo, chuo kilipokuwa tayari cha taifa tangu Julai 1970, basi yeye haingii kwenye maelezo haya. Lakini wawili kati ya watatu si haba.

Mgawanyo huo ulikuwa na matokeo ambayo hakuna mtaala uliyapanga. Uliwakusanya vijana wa nchi tatu kwenye mabweni yale yale, katika mji ambao tangu 1963 ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini na kwingineko walikuwa wanapita mjini humo kila siku. Yoweri Museveni alifika 1967 kusoma siasa, akawa mwenyekiti wa umoja wa wanafunzi wanamapinduzi waliojulikana kwa kifupi kama USARF. Mwaka 1968 alikwenda na wenzake kuona maeneo ambayo wapiganaji wa FRELIMO walikuwa wameyakomboa kaskazini mwa Msumbiji, na insha yake ya mwisho chuoni aliiandika juu ya nadharia ya mwanamapinduzi Frantz Fanon kuhusu matumizi ya nguvu, akiipima kwa aliyoyaona kule. Waganda wenzake waliokuwa wakisoma sheria, Eriya Kategaya na James Wapakhabulo, baadaye tuliwasikia kwenye serikali na bunge la Uganda.

Ni kawaida kusikia kwamba Walter Rodney ndiye aliyewapika hao wote. Rodney alikuwa mhadhiri hodari, na mihadhara yake ilijaza kumbi. Hata hivyo naona tunampa mzigo mkubwa kuliko aliobeba. Wanafunzi hao walikuwa na madarasa yao ya itikadi ya Jumapili, walikuwa na jarida lao la *Cheche*, na walikuwa na bandari iliyojaa wakimbizi wa siasa. Namba ya kwanza ya jarida ilitoka Novemba 1969, na mwaka mmoja baadaye serikali ikalifunga. Lilikuwa tayari limechapisha toleo maalumu la maandishi ya Issa Shivji kuhusu matabaka ndani ya Tanzania yenyewe, na kwa wakubwa hayo yalikuwa maneno makali. Shivji alibaki Mlimani, akafundisha sheria miongo kadhaa, nusu ya wanasheria unaowajua wamepita mikononi mwake. Mmoja wa wahariri wa jarida hilo, Karim Hirji, alikuwa mwanafunzi wa hisabati. Akaja kuwa profesa wa takwimu za tiba. Kwenye orodha za wahitimu mashuhuri utamwona Museveni kila mara. Hirji ni bahati.

Sasa niende kwa watu ninaowapenda zaidi.

Chukua kisiwa kimoja, Ukerewe. Euphrase Kezilahabi alizaliwa huko 1944, kijiji cha Namagondo. Getrude Mongella alizaliwa huko 1945. Wote wawili walikuwa Mlimani mwishoni mwa miaka ya sitini, wote wakamaliza 1970. Baada ya hapo njia zao zinaonekana kama mbingu na ardhi. Kezilahabi alitoa *Rosa Mistika* 1971, riwaya iliyopigwa marufuku mashuleni kwa muda kabla ya kuja kuwa kitabu cha kiada, na miaka mitatu baadaye akawatibua wazee wa ushairi kwa mashairi yasiyo na vina wala mizani. Mongella alikuwa katibu mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing wa 1995, mpaka leo watu humwita Mama Beijing, na 2004 akawa rais wa kwanza wa Bunge la Afrika.

Lakini angalia walichofanya siku ya kwanza baada ya kuvua joho. Mongella alikwenda kuwa mkufunzi chuo cha ualimu Chang'ombe. Kezilahabi alikwenda kufundisha sekondari, ndipo baadaye akarudi Mlimani kama mhadhiri. Si kwamba walikosa kazi nyingine. Serikali iliwasomesha wanafunzi kwa mkataba: unalipiwa kila kitu, nawe unatia saini kwamba utaitumikia nchi miaka mitano mahali utakapopangiwa. Wapangaji wa nguvukazi walikuwa na jedwali lao, wakijua wanataka watu wangapi kwa kazi gani, na sehemu kubwa ya wanafunzi wa sanaa na sayansi walielekezwa kwenye ualimu, kwa sababu sekondari zilikuwa bado zinategemea walimu wa kigeni. Ndiyo maana shahada za Mlimani za sanaa na sayansi zenye elimu ndani yake zikawa nyingi hivyo. Magufuli mwenyewe, aliyemaliza 1988, shahada yake ilikuwa ya sayansi na elimu, kemia na hisabati, na hata kabla ya kuingia chuo alikuwa ameshafundisha masomo hayo Sengerema.

Kwa hiyo mhitimu wa kawaida wa Mlimani wa miaka hiyo, yule utakayemkuta ukifungua kitabu chochote cha mahafali ukaweka kidole popote, si rais wala jaji. Ni mwalimu wa fizikia Songea, au wa historia Tabora, aliyepanda basi au treni na sanduku la bati kwenda mahali alipopangiwa na barua ya wizara. Huyo hayumo kwenye orodha yoyote. Kwenye majalada ninayoyasoma namwona kwa mistari miwili tu: kupangiwa na kuhamishwa.

Si kila mtu aliutia saini mkataba huo akitabasamu. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa na makato ya mshahara yaliyokuja nayo, huku bango moja likisema afadhali wakati wa mkoloni. Nyerere aliwafukuza karibu 400 siku hiyohiyo, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata. Baadaye likaja Azimio la Musoma la 1974, likataka kijana afanye kazi kwanza ndipo aombe chuo. Wanafunzi wakawa watu wazima, wenye familia, na idadi ya wanawake ikashuka, kwa sababu msichana aliyekaa nyumbani miaka miwili mitatu mara nyingi hakurudi. Ikabidi wanawake waondolewe sharti hilo.

Hapo ndipo kazi yangu inapokuwa ngumu. Mwanamke aliyesajiliwa kwa jina la baba yake 1972 anaonekana kazini 1980 kwa jina la mume. Mpaka upate mtu aliyelala naye bweni moja akuambie ndiye yuleyule, kwako ni watu wawili, mmoja amehitimu akapotea, mwingine ametokea hewani. Nina hakika kabisa kwamba orodha zetu zinawapunguza wanawake kwa sababu hii kuliko kwa sababu nyingine yoyote, na hakuna anayeisema.

Kisha kuna ugomvi wa nani mwenye mhitimu. Lile kundi la kwanza la sheria vyeti vyao vilitolewa na London. Waliowafuata wana vyeti vya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chuo ambacho hakipo tena. Daktari aliyesoma Muhimbili miaka ya themanini ana shahada ya Dar es Salaam, lakini Muhimbili tangu 2007 ni chuo kikuu kamili, na kwenye sherehe zao wanamwita mwana wao. Mtaalamu wa kilimo aliyesoma Morogoro kabla ya 1984 naye anagombewa na Sokoine. Kwenye Baraza la Masajili, ambalo ndilo chombo rasmi cha wahitimu, ugomvi huu hutatuliwa kwa utani na chai. Kwenye takwimu hautatuliwi. Unaamua kanuni yako, unaiandika ukurasa wa mbele, basi.

Na kuna wanaojibu dodoso. Ukiwatumia wahitimu maswali, wa kwanza kujibu ni yule ambaye mambo yamemnyookea. Anayefundisha shule ya kata bila intaneti ya uhakika, au ambaye kazi yake haimpi raha ya kuitaja, hajibu. Halafu chuo kinachapisha kijitabu chenye picha, Ukumbi wa Nkrumah nyuma (ule uliokuwa kwenye noti ya shilingi 500 kabla ya sarafu), na mameneja wanne wakitabasamu.

Mambo yamegeuka sana kwa wa sasa. Mkataba wa kutumikia ulikwisha kufa, na tangu 2005 kuna Bodi ya Mikopo. Kijana anakula bumu, yaani posho ya mkopo, miaka mitatu au minne akiomba Mungu asidisko, yaani asifukuzwe kwa kufeli, akimaliza hakuna barua ya kupangiwa inayomsubiri. Akipata ajira, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kurudisha mkopo. Babu yake alilipa deni lake kwa kufundisha Songea. Yeye analipa kwa fedha, kama amezipata. Ukilinganisha mafanikio ya hao wawili bila kuutaja mkataba wa kwanza na mkopo wa pili, hujalinganisha kitu.

Madodoso ya siku hizi huuliza umeajiriwa au la, ndani ya miezi mingapi, mshahara wa kiwango gani. Ni maswali halali. Ningepewa nafasi ya kuyaandika upya ningeongeza mawili, moja kwa mhitimu mwenyewe: waliokufundisha sekondari ni akina nani, na walisoma chuo gani? La pili ningeliweka kwa walimu peke yao: taja wanafunzi wako watatu unaojua walipo. Majibu yangekuwa na majina yaliyokosewa, marehemu wengi na sifa zilizotiwa chumvi. Ningeyachukua hivyohivyo nikaanza kuyaunganisha.