Kabla hujajaza baiokemia kwenye maombi ya chuo

Msimu wa udahili ukifika, vijana wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia) na CBG (kemia, baiolojia, jiografia) huuliza: nikisoma baiokemia nitafanya kazi hospitali? Si moja kwa moja. Kupima damu ya wagonjwa ni kazi ya wataalamu wa maabara za afya, wenye mafunzo yao na usajili wa baraza lao. Kama unataka huko, omba shahada ya maabara za afya tangu mwanzo. Kuligundua hilo mwaka wa tatu ni hasara, hasa kwa anayesoma kwa mkopo.

Baiokemia inachunguza kemia inayoendelea ndani ya viumbe hai. Aliyekulia Iringa ameiona masika: chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, utomvu ukadondokea kwenye mbeta, chombo cha mwanzi. Utomvu huo ndio ulanzi, na ukiwa mbichi ni mtamu. Ukiachwa, hamira hula sukari na kinywaji kikawa kikali. Molekuli moja ya glukosi hutoa mbili za alkoholi na mbili za kabonidayoksaidi, ndiyo maana unatoa povu. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alisaga hamira na kukamua maji yake. Maji hayo, bila seli hai hata moja, yalichachusha sukari. Kazi ilifanywa na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, na Buchner akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1907.

Viwanda vya chai vya Mufindi na Rungwe navyo vinaishi kwa vimeng'enya, ila vya jani lenyewe. Jani likisagwa, polifenoli, kemikali zilizomo ndani yake, hukutana na kimeng'enya na hewa, kijani kikageuka rangi ya shaba. Joto la kikaushio ndilo linalosimamisha mabadiliko. Likichelewa, ladha inapooza. Likiwahi mno, chai inakuwa kali mdomoni.

Anayesimamia hilo anaweza kuwa msomi wa baiokemia, ila tangazo la ajira litaandika “ofisa udhibiti ubora”. Hapo ndipo wengi wanapopitwa. Tafuta pia kazi za kupima sumukuvu (sumu ya ukungu) kwenye mahindi, viwanda vya maziwa, TBS (Shirika la Viwango), Mkemia Mkuu wa Serikali, na utafiti: taasisi za TARI Uyole kwa mazao, NIMR Mbeya kwa magonjwa.

Sifa za kujiunga zimo kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Kinachowaangusha wengi ni kemia, si baiolojia. Na ukishaingia, barua ya kuomba mafunzo kwa vitendo kiwandani ipeleke mapema, wenzako nao wanaziandika.