Je, wajua? Kwa nini kijana anayejinyima chakula hushinda jikoni akiwapikia wengine

Miaka kadhaa iliyopita rafiki yangu aliniuliza kama kuna haja ya kumhofia binti yake wa miaka 15. Mezani alikuwa akidonoa tu, lakini jikoni habanduki. Alioka keki, alinakili mapishi daftarini, na aliwasimamia wadogo zake mpaka sahani ziwe nyeupe. Nilimjibu kwa kujiamini kabisa kwamba mwenye tatizo na chakula hukikimbia, hashindi nacho. Mwache, nikasema, huyo ni mpishi anachipuka.

Nilikosea vibaya. Kuwapikia wengine huku mwenyewe huli, kusoma mapishi usiku wa manane, kutazama video za watu wakila: hayo ni mambo ambayo wanaotibu anoreksia, ugonjwa wa akili wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, huyasikia kila mara. Kosa langu lilikuwa kudhani kuwa asiyekula hana hamu ya kula. Si kosa la jana, maana hata jina la ugonjwa limelibeba. Daktari William Gull wa London alipochapisha maelezo yake mwaka 1874 na kuuita anorexia nervosa, alitumia neno lenye asili ya Kigiriki ambalo maana yake ni kukosa hamu ya chakula. Jina likaganda, ingawa wagonjwa wengi wana njaa, tena njaa inayokaa kichwani kutwa kucha. Ni kama kumkuta mtu anayejikaza asilale, macho mekundu, kope zinaanguka, kisha ukaandika kwenye faili lake kwamba hana usingizi.

Ushahidi unaonivutia zaidi katika jambo hili haukutoka kwa vijana wala kwa wagonjwa. Ulitoka kwa wanaume 36 wenye afya njema, waliokaa chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Walikuwa watu waliokataa kwenda vitani kwa sababu za dhamiri. Mwishoni mwa mwaka 1944 walijitolea kwa mtafiti Ancel Keys, na mwaka uliofuata wakaishi wiki 24 kwa chakula kisichotosha. Swali la Keys lilikuwa la vita: watu waliokondeshwa na njaa huko Ulaya warudishwe vipi kwenye kula? Majibu yalichapishwa mwaka 1950, vitabu viwili vyenye kurasa zaidi ya 1,300, na kwangu mimi sehemu tamu kuliko zote haihusu misuli wala damu.

Wanaume hao hawakuwa wakiogopa kunenepa, na hakuna kioo kilichowakosesha amani. Walipungukiwa chakula, basi. Hata hivyo baada ya muda walianza kusoma vitabu vya mapishi kama riwaya, na baadhi yao wakavikusanya kwa madazeni. Walikula polepole kupita kiasi, wakachanganya vyakula kwa namna za ajabu, wakalamba sahani. Walitafuna chingamu bila kikomo. Walihisi baridi katikati ya majira ya joto. Hasira zikawa karibu, mizaha ikaisha, marafiki wakageuka usumbufu. Wapo hata ambao baadaye waliishia kwenye kazi ya upishi. Tabia ambazo tungesema ni za msichana mwenye mambo yake ziliota kwa wanaume wazima waliochaguliwa, pamoja na mengine, kwa sababu akili zao zilikuwa zimetulia.

Ni watu 36 tu, wote wanaume, wote wa kujitolea, na jaribio kama hilo leo lisingeruhusiwa kirahisi. Kwa hiyo sitaki kulibebesha mzigo kuliko linavyoweza. Ila linaonyesha kitu kimoja waziwazi: sehemu kubwa ya kile tunachokiona kwa kijana anayejinyima si tabia yake. Ni kazi ya njaa yenyewe.

Mfikirie mtunza hazina wa nyumba kubwa ambaye mapato yamekatwa ghafla. Anaanza kubana. Joto la mwili linapunguzwa, ndiyo maana mtoto anavaa sweta siku ya jua kali. Nywele zinaachwa zidondoke. Uzazi unafungwa kama chumba cha wageni, hedhi inakoma, na kwa ambaye hajavunja ungo haianzi. Ujenzi unasimama, yaani kijana harefuki tena. Moyo unaambiwa upige polepole ili kuokoa mafuta ya taa. Mwishowe zinakatwa hata anasa za roho: kucheka, kuchat na marafiki, kupenda.

Kuna fungu moja tu ambalo mtunza hazina huyu haligusi, tena analiongeza, nalo ni msako wa chakula. Kila kikao sasa kina ajenda moja. Mwenye pesa hupitisha siku nzima bila kuzihesabu. Aliyefilisika huzihesabu hadi ndotoni. Ubongo wenye njaa ndiye huyo aliyefilisika. Daftari lake la mahesabu ni homoni: mafuta ya mwili hutoa leptini, yakipungua leptini hushuka, na sehemu ndogo chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi husoma kushuka huko kama tangazo la ukame. Kuanzia hapo kitabu cha mapishi kinakuwa ramani ya hazina.

Mtunza hazina huyohuyo anafafanua jambo jingine ambalo kwa nje linaonekana kinyume. Kijana mwenye bulimia mara nyingi hushinda na njaa, kisha jioni anakula kwa wingi mno bila kuweza kujizuia, kisha aibu inamsukuma ajaribu kuyafuta, kwa mfano kwa kujitapisha, na kesho anajinyima zaidi kama adhabu. Watu wa nyumbani wanaona ulafi. Kumbe mlango wa ghala umevunjwa na yule aliyekuwa akidai deni la siku nzima. Baadhi ya wanaume wa Minnesota, walipoachiwa chakula, walikula hadi wakaugua na bado wakasema wana njaa.

Hapo mfano wangu unafika ukingoni, kwa sababu wanaume wale walipopewa chakula walikula. Kijana mwenye anoreksia anapewa na hali. Kinachoonekana ni kwamba kwake yeye kujinyima hushusha wasiwasi, na tonge linapokaribia mdomo hofu hupanda kama mtu aliyesukumwa ukingoni mwa shimo. Kupika kunampa harufu, joto na mguso wa chakula bila kuvuka mstari. Maelezo hayo yana mantiki, lakini si kitu kinachopimika kirahisi. Kwa nini iwe hivyo kwa huyu na si kwa dada yake waliyeanza naye mlo uleule wa kupunguza mwili? Urithi una sehemu yake. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliopima vinasaba vya wagonjwa wa anoreksia karibu 17,000, ulipata maeneo 8 yanayohusiana na ugonjwa huo, na uhusiano na vinasaba vya namna mwili unavyotumia nishati, si vya akili peke yake. Maeneo hayo yanaeleza sehemu ndogo tu. Yanatosha, hata hivyo, kuwapunguzia wazazi ile lawama ya kwamba wao ndio waliomharibu mtoto.

Nilikuwa na kosa la pili pia, dogo kidogo: nilidhani ugonjwa unaonekana kwa wembamba. Wengi wenye matatizo ya ulaji wana uzito wa kawaida au mkubwa. Wapo wanaokula kupita kiasi bila kujizuia na bila kujaribu kufuta. Wapo wanaokwepa vyakula kwa sababu ya harufu, mguso au hofu ya kupaliwa, wala sura ya mwili haiwahusu. Na wapo waliopungua kwa kasi kutoka mwili mkubwa, wakapongezwa na kila mtu, huku moyo wao ukidunda polepole hatari. Wavulana wamo pia, tangu zamani: mwaka 1689 daktari Richard Morton alipoeleza wagonjwa wawili ambao leo tungewashuku kuwa na anoreksia, mmoja alikuwa binti wa miaka 18 na mwingine kijana wa kiume wa miaka 16.

Kwa hiyo macho yatazame tabia, na hasa mabadiliko. Sheria mpya zinazoongezeka kila wiki, leo hiki hakiliwi, kesho kile. "Nimeshakula" kabla ya kila mlo. Chakula kinakatwakatwa vipande vidogo na kuzungushwa sahani. Mazoezi ambayo hayaahirishwi hata kwa homa. Vifungashio vilivyofichwa chini ya kitanda, au safari ya maliwato kila baada ya kula. Mara nyingine wa kwanza kushtuka ni daktari wa meno, maana kutapika mara kwa mara huharibu meno. Dalili moja haitoshi, na kijana anayependa kuoka huenda anapenda tu kuoka. Lakini kama haonji anachooka, uliza.

Kuhusu kusaidia, Gull aliandika kwamba ndugu na marafiki kwa kawaida ndio wauguzi wabaya kuliko wote, na kwa miongo mingi watoto walitengwa na wazazi wao ili wapone. Baadaye, katika miaka ya 1980, wataalamu wa Hospitali ya Maudsley, London, walijaribu kinyume chake: waliwapa wazazi usukani. Wazazi wanapanga mlo, wanapakua, wanakaa na mtoto hadi amalize, na baada ya hapo hawamwachi peke yake kwa muda. Mtoto anarudishiwa maamuzi kidogo kidogo. Kwa vijana wenye anoreksia hiyo ndiyo njia yenye ushahidi mzuri zaidi, ingawa si wote wanaopona nayo. Mantiki yake ni ileile ya hazina. Huwezi kumshawishi kwa hoja mtu ambaye ubongo wake umefilisika. Kwanza mapato yarudi, hoja zitakuja baadaye.

Ila daktari awe wa kwanza. Aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa sana kwa ghafla, madini ya damu kama fosfati na potasiamu yanaweza kuporomoka na moyo ukashindwa. Akizimia, kifua kikiuma, mapigo yakirukaruka, akikataa hata maji, au akizungumzia kufa, ni hospitali siku hiyohiyo, mizani iseme inavyosema. Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi.

Mezani maneno yawe machache. "Najua inakuogopesha, mwanangu. Nipo hapa. Chukua kijiko." Mjadala wa kalori hauna mshindi. Sifa za mwili nazo ziwekwe kando, hata zile za upendo: ukimwambia "umenawiri", sikio lenye ugonjwa linasikia "umenenepa". Na usishangae mambo yakiwa mabaya zaidi mwanzoni. Hata kule Minnesota, baadhi walizidi kuwa na huzuni na hasira chakula kilipoanza kurudi. Rafiki wa darasani akigundua, asikubali kuapishwa kutunza siri. Amwambie mtu mzima anayemwamini.

Rafiki yangu kwa bahati hakunisikiliza. Alimpeleka binti hospitali, na miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoshauriwa ni kumtoa jikoni kabisa kwa muda, jambo ambalo binti alilipigania kuliko hata sahani yenyewe. Ilichukua zaidi ya mwaka. Juzi nilimuuliza kama binti bado anaoka keki. Akacheka. Haingii jikoni ila kwa kulazimishwa, akasema; anadai kupika kunamchosha.